Uso unachoma baada ya kutumia asidi: niache, nivumilie, na nipake nini?

"Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Tabora mjini, rangi yangu ni maji ya kunde. Paji la uso na pua vina mafuta, mashavu ni makavu, na chunusi za mwaka jana zimeniachia madoa meusi. Mwezi wa sita niliagiza Kariakoo tona ya asidi ya glaikoliki asilimia 7 na sabuni ya maji ya uso yenye asidi ya salisiliki asilimia 2. Natumia zote kila usiku, na Jumamosi nasugua uso kwa sukari na limao. Wiki ya kwanza ngozi ililainika, nikafurahi. Sasa ni wiki ya tano: uso unachoma hata nikinawa maji matupu, umekaza, una mng'ao wa ajabu, na madoa yamezidi weusi. Jirani yangu mwenye saluni anasema kuchoma ndiyo dawa inafanya kazi, nivumilie. Napaka glisirini safi ya duka la dawa, lakini baada ya saa moja nakauka kuliko mwanzo. Dada yangu anasema asidi hizi ni mkorogo wa kisasa, nirudi kwenye asali na maziwa mgando. Nimfuate nani?"

Marahaba, binti yangu. Jibu la usiku wa leo ni fupi: tona usipake, sabuni ya salisiliki iweke kabatini, sukari na limao virudi jikoni. Ngozi yako haijaharibika kwa namna isiyorekebishika. Umeipukutisha kila usiku kuliko inavyoweza kujijenga, ukaongeza msuguano na limao juu yake, na yote hayo katika miezi ambayo hewa ya Tabora haina unyevu wowote wa kukusaidia. Jirani yako amekosea kabisa. Dada yako amepatia nusu, na ile nusu aliyokosea inahitaji maelezo marefu kidogo.

Tuanze na kinachopukutishwa. Tabaka la juu kabisa la ngozi ya uso ni seli bapa zilizokwisha kufa, zimelaliana safu kama 15 hadi 20, na unene wake wote kwa pamoja haufiki unene wa karatasi ya daftari. Seli hizo zimeshikana kwa vifungo vidogo vya protini. Katikati yake kuna mafuta ambayo ngozi inayatengeneza yenyewe: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwili yasipotelee hewani, na ndiyo yanayozuia sabuni, vumbi na vijidudu visipenye. Ndani ya seli nako kuna vitu vinavyoshika maji, vikiwemo urea, amino asidi na chumvi za asidi ya laktiki. Kila siku, bila wewe kufanya lolote, vimeng'enya vya ngozi hukata vifungo vya safu ya juu na seli kuukuu huanguka bila kuonekana. Tangu seli izaliwe chini mpaka idondoke juu ni takribani wiki 4 kwa mtu wa umri wako, na muda huo hurefuka kadiri umri unavyosogea.

Kazi ya asidi za vipodozi ni kuharakisha huko kudondoka. Glaikoliki na laktiki hulegeza vile vifungo vya protini, kwa sehemu kwa kunyakua madini ya kalisi ambayo vifungo vinayahitaji ili vishikane. Haziyeyushi seli wala hazichomi nyama, ilimradi ziwe katika kiwango cha chupa ya nyumbani. Paa la nyasi hukarabatiwa kwa namna hiyo: unaondoa nyasi zilizooza juu juu, mpya unaziacha. Shida ni pale unapopanda juu kuchomoa kila usiku, mpaka unafika kwenye fito.

Salisiliki ni ya tabia nyingine. Inapenda mafuta, kwa hiyo inapenya ndani ya vinyweleo vilivyoziba, mahali ambapo glaikoliki, inayopenda maji, haifiki vizuri. Pia hutuliza uvimbe kidogo. Ndiyo maana kwa chunusi za puani na kwenye paji naiweka mbele ya glaikoliki, na ndiyo maana haina sababu ya kusambazwa kwenye mashavu makavu kama yako.

Zipo na tofauti za ukubwa, na kwa ngozi ya maji ya kunde na kuendelea tofauti hizi si za kitabuni tu. Glaikoliki ndiyo yenye molekuli ndogo kuliko zote katika kundi lake. Inapenya haraka, na inachoma haraka. Laktiki ni kubwa kidogo na yenyewe ni sehemu ya vishika-maji vya asili vya ngozi, hivyo hupukutisha huku ikilainisha. Mandeliki ina uzito mara mbili ya glaikoliki, inaingia polepole. Glukonolaktoni ni kubwa zaidi na ya upole zaidi. Mtu ambaye kila kipele kinamwachia doa ningependa aanze na laktiki au mandeliki, si na glaikoliki. Lakini glaikoliki ndiyo inayotangazwa sana, basi ndiyo inayonunuliwa.

Sasa ile namba ya asilimia kwenye chupa. Haitoshi kukuambia ukali wa dawa. Asidi inayofanya kazi ni ile iliyo huru, na kiasi kilicho huru kinategemea pH ya mchanganyiko, yaani kile kipimo ambacho kikishuka, uchachu wa asidi huzidi. Tona ya glaikoliki ya asilimia 7 yenye pH 3.6 ina karibu theluthi mbili ya asidi yake ikiwa huru, yaani kama asilimia 4.4. Tona nyingine ya asilimia 7 hiyohiyo, lakini yenye pH 4.8, ina chini ya asilimia 1. Chupa mbili, namba moja, ukali unaopishana mara sita. Jopo la Marekani linalopitia usalama wa vipodozi lilihitimisha mwaka 1998 kwamba bidhaa ya kupaka nyumbani isizidi asilimia 10 na pH yake isishuke chini ya 3.5. Mtengenezaji makini huandika pH kwenye boksi au kwenye karatasi ya ndani. Chupa za asilimia 30 na kuendelea, hata ukiziona zinauzwa hadharani, ni za mtu aliyefunzwa, anayehesabu dakika na kuosha kwa wakati. Usijaribu.

Nirudi kwa jirani yako. Kuchoma si kipimo cha dawa kufanya kazi. Kuwashwa kidogo kwa dakika 1 au 2 siku za mwanzo ni kawaida, kwa sababu asidi imegusa miisho ya mishipa ya fahamu. Kukizidi dakika 5, au uso ukibaki mwekundu au wa moto, osha. Na ukifika hatua ya kuchomwa na maji matupu, maana yake ukuta una nyufa na kila kitu kinapita: maji, jasho, hata losheni uliyoizoea miaka yote. Ule mng'ao unaouona nao si afya. Ni uso uliokosa safu zake za juu, ukawa laini kupita kiasi na mkavu kwa wakati mmoja, ndiyo maana mwanga unarudi kama unavyorudi kwenye kitu kilichopigwa msasa.

Halafu madoa. Hapa ndipo watu wenye ngozi yenye melanini nyingi wanapoumizwa na maelekezo yaliyoandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwetu, mwasho wowote unaodumu, uwe wa chunusi, wa mkwaruzo, wa mvuke au wa asidi, huziamsha seli zinazotengeneza melanini, na rangi hiyo humwagwa pale palipowasha. Kwa hiyo asidi inayopakwa kwa kiasi hupunguza doa, kwa sababu inaharakisha kuondoka kwa seli zilizobeba rangi. Asidi ileile ikipakwa mpaka ngozi iwake hutengeneza doa jipya juu ya la zamani. Ongeza jua. Asidi za kundi la glaikoliki huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi zaidi, na hali hiyo hutulia ndani ya wiki moja hivi baada ya kuacha. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba bidhaa hizo ziwe na onyo la jua kwenye lebo. Binti, nimesoma barua yako mara mbili na sikuona mahali ulipotaja kinga ya jua.

Kuhusu mkorogo: kwa namna ya kazi, dada yako hajapatia. Mkorogo huenda kwenye kiwanda cha rangi. Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, zebaki nayo huzuia hapohapo na huku inaumiza figo, na steroidi kali huikandamiza ngozi nzima mpaka inakuwa nyembamba, yenye mishipa inayoonekana na vipele visivyoisha. Haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Glaikoliki, laktiki na salisiliki hazizimi utengenezaji wa rangi kama mkorogo unavyofanya. Ukizitumia sawasawa utabaki na rangi yako ya maji ya kunde, ila iliyo sawasawa zaidi.

Alipopatia dada yako ni hapa: si kila chupa iliyoandikwa jina la asidi ina asidi peke yake. Bidhaa isiyo na orodha kamili ya viambato, isiyo na namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi, inayoahidi kukubadilisha kwa siku 3 au 7, ichukulie kuwa ni mkorogo uliovaa lebo nzuri. Ishara nyingine ni hii: ukiipaka, chunusi zinanywea ndani ya siku mbili na rangi inafunguka uso mzima, ukiiacha wiki moja, uso unalipuka kwa vipele na moto. Hiyo ni tabia ya steroidi. Kama ndivyo ilivyo kwako, usifuate mpango nitakaouandika hapa chini. Nenda hospitali, kwa sababu steroidi huachwa kwa utaratibu mwingine.

Niseme pia neno juu ya Whitfield, ile marhamu ya fangasi. Ina salisiliki asilimia 3 na asidi ya benzoiki asilimia 6. Wapo wanaoipaka usoni wakidhani ni njia ya bei nafuu ya kupata salisiliki. Ni ya mba za mwilini na fangasi wa miguuni. Usoni itakuunguza.

Sasa asali na maziwa mgando, na hapa nitawatetea wazee kidogo kabla sijawapinga. Maziwa yakiganda, bakteria wamegeuza sukari yake kuwa asidi ya laktiki, ileile iliyo kwenye losheni za bei kubwa. Ila haizidi sana asilimia 1, na pH yake ni zaidi ya 4, kwa hiyo iliyo huru ni chembe tu. Haitakudhuru, na doa halitaondoka. Yanywe. Asali ina mantiki nzuri zaidi. Nyuki huweka kimeng'enya kinachogeuza sukari ya asali kuwa asidi ya glukoniki, ndugu wa karibu wa ile glukonolaktoni ya upole niliyoitaja, na pH ya asali huwa karibu na 4. Lakini asidi hiyo nayo ni kidogo, hivyo usitegemee ipukutishe. Nguvu ya asali ni sukari zake, ambazo hushika maji. Asali ya misitu ya miombo ya huko kwenu, ikiwa haijachakachuliwa, ukiipaka nyembamba kwa dakika 15 kisha ukaosha na kuziba kwa losheni, utalainika. Subiri kwanza uso uache kuchoma, na kama una mzio wa chavua au nta ya nyuki, iache kabisa. Limao silitetei. pH yake ni kama 2, na yeye na ndimu wana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huacha michirizi myeusi inayodumu miezi. Magadi nayo ni upande wa pili wa kosa hilohilo: ngozi inataka pH ya 4.5 hadi 5.5, magadi ni alikali, kinyume cha asidi, na pH yake iko juu mno kwa ngozi.

Tuje kwenye glisirini, kwa sababu hapo ndipo ulipokosea bila kujua, na wengi wanakosea hapo kila kiangazi. Vilainisha ngozi vinafanya kazi tatu tofauti, na jina moja la losheni linazificha. Kazi ya kwanza ni kushika maji: glisirini, urea, asidi ya hayaluroniki, asali. Ya pili ni kujaza nafasi kati ya seli: seramaidi, kolesteroli, baadhi ya mafuta ya mimea. Ya tatu ni kuziba juu ili maji yasitoke: mafuta mgando, nta, daimethikoni. Glisirini inafanya kazi ya kwanza tu. Inavuta maji kutoka popote yalipo karibu. Masika, hewa ikiwa na unyevu, inavuta kutoka hewani pia. Kuanzia kipupwe mpaka mvua za Novemba, hewa ya Tabora haina cha kuvutwa, hivyo glisirini isiyochanganywa, iliyopakwa kwenye uso mkavu, inavuta kutoka tabaka za chini za ngozi yako, inayaleta juu, na upepo unayachukua. Ndiyo maana saa moja baadaye unakauka zaidi. Hayaluroniki hufanya vilevile ikipakwa pakavu na kuachwa wazi.

Dawa si kuitupa glisirini. Ni ya bei rahisi na ni miongoni mwa vilainisha bora vilivyopo. Nawa uso, usijifute mpaka ukauke, ubaki unyevunyevu. Kwenye kiganja weka kijiko kimoja cha chai cha maji safi na matone 5 hadi 10 ya glisirini, changanya kwa kidole, pakaza. Hapo una glisirini ya asilimia 5 hadi 10, kiwango kilekile cha losheni nzuri. Kabla ya dakika 3 kuisha, ziba. Usitengeneze chupa nzima ya mchanganyiko huo ukaiweka dirishani: glisirini safi haiozi kwa kuwa haina maji huru ya kulisha vijidudu, ila ukishaitia maji, baada ya siku chache unajipaka bakteria na ukungu.

Cha kuzibia, kwa ngozi yako ya sasa, ni mafuta mgando yasiyo na manukato. Hakuna kinachopunguza upotevu wa maji kuliko hayo, na ile imani kwamba yanaleta chunusi ni ya kuisahihisha: petrolatamu, yaani hayo mafuta mgando, ikisafishwa vizuri haizibi vinyweleo. Kinachowaudhi wenye chunusi mara nyingi ni manukato, au kupaka mengi juu ya jasho na vumbi. Kiasi cha punje moja ya mahindi kinatosha mashavu, kidevu na shingo. Kwenye paji na pua pitisha tu kilichobaki kwenye vidole. Mchana, kama hupendi ule mng'ao, losheni yenye glisirini na daimethikoni, au yenye seramaidi ukiipata, inakaa vizuri zaidi.

Mafuta ya mimea hayalingani. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi inaitumia kujenga seramaidi zake; matone 3 juu ya uso wenye unyevu ni mazuri. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yana asidi ya oleiki nyingi inayolegeza mpangilio wa mafuta ya ngozi. Kwa uso ulioumia siyataki. Ya nazi yanaziba vizuri mwilini, lakini usoni kwa mwenye chunusi mara nyingi huleta vipele. Mawese ya Kigoma yabaki kwenye mboga. Yatakupaka rangi ya chungwa mpaka foronya. Urea nayo ni nzuri mno, asilimia 5 hadi 10 kwa kulainisha na 20 hadi 40 kwa magaga ya miguu, ila kwenye ngozi yenye nyufa inachoma, kwa hiyo si ya mwezi huu. Na kwa kuwa nawajua watu wa mashamba ya tumbaku na mahindi: ndiyo, ni kemikali ileile iliyo kwenye mfuko wa mbolea. Hapana, usichote kwenye mfuko. Mbolea haikusafishwa kwa ajili ya ngozi.

Mpango wako basi. Kwa wiki 4 hakuna asidi, hakuna kusugua, hakuna taulo la kukwangulia. Asubuhi nawa maji matupu ya kawaida, si ya moto. Usiku tumia kisafisha uso cha upole kisicho na manukato. Kama kilichopo ni sabuni ya kipande tu, ipitishe mara moja kwenye paji na pua, mashavu yaguse maji peke yake, kwa maana sabuni za kipande nyingi zina pH ya 9 hadi 10 na ngozi iliyopasuka huchukua saa nyingi kurudi ilipokuwa. Kisha glisirini kwenye maji, kisha kizibio. Ndani ya siku 4 au 5 kule kuchomwa na maji kunatakiwa kupungua. Usipopata nafuu yoyote kwa wiki 2, huo si mchubuko wa asidi peke yake. Na jihadhari na wiki ya pili: uso unatulia, mtu anajiona amepona, anarudi kwenye tona. Tabaka linakuwa halijakamilika bado. Subiri wiki zote 4.

Kinga ya jua ianze leo, si baada ya kupona. Tafuta krimu ya SPF 30 au zaidi; SPF ni namba ya kiwango cha kinga ya jua. Uso na shingo vinahitaji karibu nusu kijiko cha chai. Wengi wanapaka robo ya hapo, halafu wanasema haifanyi kazi. Kama ipo yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi za chuma, ichukue, maana kwenye ngozi zetu hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hukoleza madoa, na krimu isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Rudia kila saa 2 ukiwa nje. Bei inaweza kukukaba. Kofia pana na mwavuli si vya kudharau, na ukipanda bodaboda saa 7 mchana, kitambaa kinachofunika mashavu kinafanya kazi ya kweli. Ile krimu ya Kilisun inayotengenezwa Moshi ni ya watu wenye ualbino. Akikuuzia mtu pembeni, ujue kuna aliyeikosa.

Baada ya wiki 4, kama maji, jasho na losheni haviumi tena, rudisha kitu kimoja. Ningeanza na ile sabuni ya salisiliki, kwa kuwa inaoshwa: mara 2 kwa wiki, paji, pua na kidevu tu, iache sekunde 30 hadi 60, osha. Ikienda salama wiki 3, ongeza tona ya glaikoliki usiku 1 kwa wiki, usiku usiotumia sabuni ile. Jaribu kwanza chini ya taya siku 3 mfululizo. Uso uwe mkavu kabisa, maana ngozi yenye majimaji hunyonya asidi zaidi. Paka losheni nyembamba kwanza, subiri dakika 10, pitisha tona kwa vidole badala ya pamba, ruka kona za macho, pua na midomo, kisha losheni tena. Kiangazi usizidi usiku 2 kwa wiki. Mvua zikianza, ngozi ikikubali, unaweza kwenda 3. Kila usiku, kwa ngozi yako, sioni faida.

Nikuambie ukweli mwingine: kama shida yako kubwa ni madoa, glaikoliki si chaguo langu la kwanza. Asidi ya azelaiki ya asilimia 10 hadi 20 inatuliza chunusi na kupunguza doa kwa pamoja, bila kuongeza hatari ya jua, na hata mjamzito anaruhusiwa. Niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 ni ya upole na inasaidia ngozi kutengeneza seramaidi. Zote zinaenda polepole. Doa la kahawia lililo juu juu huchukua miezi 3 hadi 12 kufifia hata ukifanya kila kitu sawa, na lile la rangi ya kijivu au ya bluu limezama chini zaidi. Hilo linaweza kudumu miaka, na hakuna tona itakayolifikia. Ukishika mimba, glaikoliki na laktiki za viwango vya chini hazina tatizo, salisiliki ibaki sehemu ndogo ya uso, na krimu za retinoidi, zile za jamii ya vitamini A, uziache kabisa.

Usingoje wiki 4 kama utaona malengelenge, maji au usaha unaotoka, magamba ya manjano yenye kunata, uvimbe karibu na macho, au homa. Nenda siku hiyohiyo. Nenda pia kama kuna baka lililopauka au kuiva ambalo ukiligusa kwa ncha ya pamba husikii, kwa sababu huo unaweza kuwa ukoma, ambao bado upo nchini na una tiba. Au doa linalokua na kubadilika umbo. Au chunusi kubwa zenye maumivu zinazoacha mashimo, ambazo hazitaisha kwa vitu vya dukani. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete na uulizie huduma ya ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu wa ngozi tangu 1992, kwa hiyo usidhani mpaka umpate bingwa wa Dar es Salaam. Beba chupa zote ulizotumia, hata ile ya kopo lisilo na lebo uliyoona aibu kuitaja kwenye barua, na usipake kitu usoni asubuhi ya siku hiyo.